Bi Makosa Anaweka Chaki Chini

Ikifika tarehe thelathini ya mwezi huu wa sita, Bi Makosa atakuwa ameitumikia nyumba yetu ya makumbusho ya viumbe kwa miaka thelathini na mmoja, na siku hiyo atastaafu. Jina lake la kwenye faili ni refu na la heshima, ila sijasikia mtu akilitumia tangu mhasibu aliyelijua naye alipostaafu. Wahariri wa jarida letu wameniomba mimi, seremala wa nyumba hii, niandike habari zake, baada ya wenye shahada zao wote kugundua kwa ghafla kwamba wana kazi nyingi. Wamenisihi niandike kwa adabu. Nimenawa mikono na nimevaa shati safi. Zaidi ya hapo siwaahidi kitu.

Niseme mapema jambo lililotukaa kooni mwaka huu. Kuondoka kwake tulikuwa tumeshakubali. Mtu akifika umri ule mwache akayapumzishe magoti. Jambo lilikuwa Jumamosi zake. Kila Jumamosi asubuhi ukumbi wetu mdogo hujaa wauza samaki, wanafunzi, washonaji wa barabara ya nyuma, wajawazito waliotoka zahanati na wazee wasio na pa kwenda, wote wamekuja kusikiliza habari za ndege, nyani na vyura wa mto wetu na mlima wetu. Uongozi ulisema wazi, na bila ubaya wowote, kwamba Bi Makosa akiondoka na viti vikabaki vitupu, ukumbi utageuzwa stoo ya kuwekea viti hivyo hivyo. Hilo ndilo lililomkondesha mwanamke huyu miezi hii ya mwisho, wala si uzee kama alivyotaka tuamini.

Alipoajiriwa alikuwa mwandika vibao. Kazi yake ilikuwa kuandika majina ya wanyama waliokaushwa, kwa wino mweusi, kwenye vipande vya karatasi ngumu, na mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wanyama wenyewe. Siku hizo nyumba yetu ilikuwa kimya kama chumba cha kumsubiria daktari. Watu waliingia wakavua kofia, wakatembea kwa ncha za vidole, wakamtazama korongo aliyekaushwa, korongo naye akawatazama kwa jicho lake moja (la pili lilikuwa mfukoni mwangu likisubiri gundi), kisha wakaondoka. Hakuna aliyeuliza kitu. Hakuna aliyecheka. Nyumba ilikuwa na viumbe wa mkoa mzima, na mkoa mzima haukuwa na habari nao.

Mkurugenzi wa enzi hizo tulimwita Bwana Pasi, kwa sababu alinyoosha kila kitu, na nina hakika hata soksi. Bwana Pasi aliamua kuanzisha mihadhara kwa ajili ya wananchi. Mhadhara wa kwanza ulihusu mdiria, yule ndege wa rangi ya samawati anayejitupa mtoni kama jiwe akatoka na samaki mdomoni. Mhadhiri alikuwa anatoka mbali. Watu wakaja, wakakaa, wakasubiri, na gari la mhadhiri likafia njiani. Bwana Pasi alitazama huku na huku, akamwona binti wa vibao amesimama mlangoni na chupa yake ya wino, akamsukuma ubaoni.

Chaki ilimvunjikia mkononi mara mbili. Mhadhara hakuwa nao, basi akaanza kuchora, na kwa hofu akamchora mdiria mwenye miguu mirefu, mirefu kupita kiasi. Ndipo msichana mmoja muuza samaki, aliyekuwa ameacha beseni lake kwa mlinzi, akainuka. Huyo leo ndiye Mama Samaki, nyote mnamjua, na wasiomjua wamemsikia.

"Dada, samahani," akasema. "Miguu hiyo ameazima kwa nani?"

"Kwa korongo wa kabatini!" mwingine akadakia kutoka nyuma.

"Basi airudishe, mwenzake asije akaamka akaikosa!"

Watu walicheka hadi benchi moja likavunjika, na benchi hilo nilikuwa nimelitengeneza mimi, kwa hiyo sikucheka sana. Bwana Pasi aliziba uso. Binti wa vibao alisimama pale na chaki yake, na mtu yeyote mwingine angelia au angejitetea. Yeye akamnyooshea Mama Samaki chaki. "Njoo umkate miguu," akamwambia. Mama Samaki akapanda, akafuta, akachora miguu mifupi, akaeleza jinsi mdiria anavyokaa kwenye kamba za nyavu asubuhi, namna anavyomgonga samaki kwenye kigingi kabla ya kummeza. Mzee mmoja akapinga. Mwanafunzi akampinga mzee. Mkutano uliopangwa kuisha mapema ulifungwa kwa mlinzi kugonga funguo.

Jumamosi iliyofuata alichora tena, na safari hii alikosea kwa makusudi. Tangu hapo hakuacha. Kila mchoro wake wa Jumamosi una kosa moja, moja tu, na kazi ya ukumbi ni kulitafuta. Hivyo ndivyo alivyopata jina lake, na amelivaa kama watu wengine wanavyovaa nishani.

Bwana Pasi alimwita ofisini. Nilikuwa nikirekebisha bawaba ya mlango wake, kazi iliyochukua muda mrefu kuliko kawaida. Akamwambia kwamba taasisi yenye heshima haiwalishi wananchi makosa. Bi Makosa akamjibu kwamba wananchi wamelishwa yaliyo sahihi miaka yote na hakuna aliyewahi kuomba aongezwe. Kisha akasema maneno ambayo nimeyabeba mpaka leo. Ukimweleza mtu lililo sahihi, anaitikia, anatembea nalo mpaka getini, na hapo linamdondoka. Lakini aliyesimama mbele ya majirani akasema hapana, mnyama huyu hayuko hivyo, huyo sasa ana kesi. Itabidi aitetee nyumbani, sokoni, kibarazani. Na mtu akishamtetea mnyama mbele za watu, kesho yake ataona haya kumrushia jiwe.

Mimi shule yangu iliishia pale mwalimu wa hesabu alipochoka nami, kwa hiyo sina cha kuongeza. Nasema tu nilichokiona. Kinamasi kilicho nyuma ya soko kilikuwa jalala. Leo ukienda na gunia la taka utakutana na mwanamke mwenye beseni kichwani akikuuliza kama kwenu hakuna choo, na kwa nini unamwagia uchafu ndege wake. Ndege wake! Hakununua, hakufuga, ila aliwahi kumrekebishia miguu.

Anayegundua kosa hupewa zawadi, na zawadi yenyewe ilizua maneno mengi kwenye vikao. Hupewa brashi na rangi, akaenda nje kwenye ukuta wetu unaotazamana na kituo cha mabasi, akachora unyasi mmoja wa kinamasi. Mmoja, basi. Mwanzoni ukuta ulikuwa mtupu na nyasi mbili tatu zilizopinda, ungedhani mbuzi amepita. Leo ni kinamasi kizima, kijani cha kila aina, kimesimama tangu pembe ya geti hadi kwenye bomba la maji, na humo ndani Bi Makosa amepachika vyura, yangeyange na fisi maji wakichungulia. Kila unyasi una mwenyewe. Utawasikia watu kituoni wakiwaonyesha wageni: ule pale, uliopinda kidogo, ni wangu, nilimkamata kwenye kobe. Kuna mzee alihamia mji mwingine, na kila akirudi hupita kwanza kuuangalia unyasi wake ndipo aende kwa dada yake.

Kitu kimoja nilikiona polepole, nikiwa nimekaa kule nyuma na nyundo yangu. Kila mtu huona kosa kwa jicho la kazi yake. Niwakumbushe siku ya hondohondo, yule ndege wa msituni mwenye mdomo mkubwa. Bi Makosa alimchora mama hondohondo ameatamia mayai ndani ya shimo la mti, na akampamba kwa kope ndefu, nzuri, kama bibi harusi. Ukumbi mzima ukapiga kelele: kope! Kope! Ndege gani ana kope? Mama Samaki aliapa kwamba hondohondo akiwa na kope yeye ataacha kuuza samaki. Bi Makosa akatulia, akasema kope zipo, hondohondo anazo kweli kweli, tafuteni kwingine. Aliyelipata kosa ni fundi mwashi mmoja mpole aliyekuwa hajawahi kufungua mdomo. Akauliza kwa nini mlango wa shimo umeachwa wazi. Yeye aliwaona msituni alipokwenda kuchimba mawe. Mama huzibiwa ndani kwa udongo hadi ubaki ufa wa kupitisha mdomo tu, na baba humlisha kupitia ufa huo mpaka watoto wakue. Plasta ile, alisema, hata yeye hawezi kuipiga vizuri hivyo. Akapata unyasi wake. Baadaye Bi Makosa aliwachukua watu mlimani na darubini mbili za nyumba, Mama Samaki akaziona kope kwa macho yake mawili. Bado anauza samaki. Anasema kiapo kile kilihusu dagaa.

Sasa nifike kwenye mamba, kwa sababu msipomkuta mamba humu mtasema nimeficha.

Nyumba yetu iliamua kutoa bango kubwa kuhusu mto, likabandikwe katika kila shule na kila zahanati ya mkoa. Bi Makosa alichora mamba wa bango, sahihi kila gamba, akamweka juu ya kabati la ofisi. Kando yake kulikuwa na mamba mwingine, wa Jumamosi iliyopita, ametoa ulimi nje kama mbwa aliyekimbia. Bwana Pasi mwenyewe aliingia kuchukua mchoro wa kupeleka kwa mpiga chapa. Akawatazama mamba wote wawili kwa makini, akamchagua wa pili. Alisema huyu ana uhai zaidi.

Mabango yalipokuja yalikuwa mazuri ajabu. Tuliyasambaza. Hakuna ofisini aliyeona kitu. Wa kwanza kuona walikuwa watoto wa shule ya ng'ambo ya mto, wale ambao mamba wanamjua kuliko wanavyomjua mkurugenzi. Mamba hawezi kutoa ulimi. Umeshikamana na taya la chini, haufiki popote. Barua na vijikaratasi vikaanza kumiminika, vingine vimeandikwa kwa penseli na matusi madogo madogo ya kitoto. Bwana Pasi alipokea simu kutoka juu, na alipoiweka chini alikuwa na kunyanzi za kwanza nilizowahi kuziona kwenye shati lake.

Jumamosi zilikuwa karibu kufa siku ile. Alisema mchezo umeisha, chaki ikae kwenye droo. Bi Makosa hakumkumbusha ni nani aliyechagua mchoro. Nilimwashiria kwa macho amkumbushe, nikamwashiria hadi macho yakauma, hakufanya. Aliomba jambo moja tu: kabla ya kuyakusanya mabango, tuziandikie shule zote kwamba bango lina kosa, na kila shule itakayolipata itume mwanafunzi mmoja achore unyasi. Wakaja. Walikuja na viatu na bila viatu, na walimu wao nyuma wakijifanya hawajachanganyikiwa na furaha. Ukuta uliongezeka nyasi nyingi kuliko mwaka wowote, na ile simu ya kutoka juu ikapigwa tena, safari hii kupongeza. Bwana Pasi alipokea pongezi kwa unyenyekevu mkubwa na akapiga pasi.

Bango moja halikurudi. Muuguzi wa zahanati ya sokoni alikataa kulitoa. Alikuwa amelitundika chumba cha watoto, na akitaka kumwangalia mtoto koo alimwambia tu: "Mwone mamba anavyotoa. Na wewe je?" Watoto walikuwa wakitoa ndimi kabla hawajaketi. Lipo hadi leo, limefubaa, ulimi tu ndio bado mwekundu, kwa kuwa Bi Makosa hupita kuupaka rangi upya. Chini yake ameandika kwa ule mwandiko wake wa vibao: mamba wa kweli hawezi hivi, wewe unaweza.

Nisimsahau mumewe, maana yeye hajawahi kusahau kuwepo. Ni fundi saa, ana meza yake ya kioo chini ya ngazi za duka la vitambaa, na kila Jumamosi hufunga meza akaja kukaa benchi la mbele kabisa, mkono wa kulia. Miaka yote hiyo hakuwahi kulipata kosa hata moja. Hata moja! Mtu anayeona unywele ndani ya saa ya mkononi, mbele ya mamba wa ukubwa wa mlango anakuwa kipofu. Tulimtania mpaka utani ukachakaa. Majirani walimshuku kwamba anajua majibu kutoka nyumbani na anajizuia kwa heshima, wakajaribu kumpa chai na maneno matamu ili awaibie siri, lakini mkewe hakuwahi kumwambia kosa la wiki. Alimwambia mambo mengine yote. Bi Makosa ni mtu wa kusimulia tabia za vyura wakati wa kuosha vyombo, na mumewe ni mtu wa kusikiliza huku akifuta sahani. Lakini ukutani hakuwa na unyasi. Na Bi Makosa naye hakuwa nao, kwa kuwa sheria ni sheria na mtu hawezi kulivumbua kosa aliloliweka mwenyewe. Mji mzima una nyasi pale isipokuwa nyumba ile moja.

Mwanzoni mwa mwaka akaletwa mrithi. Ni msichana mzuri, mwenye cheti cha uchoraji na heshima hadi kwenye visigino, na tulimpa jina la Binti Rula siku ya pili, kwa sababu ya rula. Binti Rula huchora mnyama hadi unataka kumpisha apite. Alisimama Jumamosi ya kwanza, akachora nungunungu, kila mwiba mahali pake, akaeleza vizuri. Watu wakapiga makofi ya heshima, wakaenda nyumbani. Jumamosi ya pili walipungua. Ya tatu nilimsikia mshonaji mmoja akipiga miayo kwa sauti ya cherehani. Mama Samaki alikuja, akakaa mikono imekunjwa, akatafuta kosa weee, akaona halipo, akaniambia nikimpita, "Fundi, huyu mtoto anachora kama anadaiwa." Benchi za nyuma zikawa tupu. Uongozi ukaniuliza, kwa upole kabisa, stoo ya viti itahitaji rafu ngapi.

Wiki hiyo nilimkuta Bi Makosa ukumbini akifuta ubao uliokuwa safi. Aliufuta kutoka kushoto hadi kulia, akarudia. Sikumtania. Mnisamehe, huwa nina adabu mara chache, na hiyo ilikuwa mojawapo.

Alimkalisha Binti Rula akamwambia ukweli. Binti akasema anajua, anajaribu, ila mkono unakataa; miaka yote chuoni alipigiwa kelele kwa kosa dogo tu, sasa mkono ukikaribia kukosea unaganda. Akajilazimisha. Jumamosi iliyofuata akachora tembo wa miguu mitano. Watoto hata hawakucheka, walimwonea huruma. Bi Makosa alimweleza kwamba lile si kosa, ni tusi. Kosa zuri linapendeza. Kosa zuri linakaa pale ambapo mnyama mwenyewe ni rahisi kusahaulika, na pale hupajui mpaka umekaa naye. Huwezi kumkosea vizuri usiyemjua.

Basi wakaenda kukaa. Kila siku baada ya kazi utawaona hawa wawili wakitoka getini, mmoja na kiti cha kukunja kwa ajili ya magoti yake, mwingine na karatasi, wakielekea kinamasini au kupanda kidogo mlimani penye mbega, wale nyani weusi wenye joho jeupe mabegani kama mahakimu. Binti aliiacha rula kwenye droo wiki ya kwanza. Wiki ya pili alirudi na matope hadi magotini, akicheka peke yake. Alipoulizwa na mlinzi kilichomchekesha alisema ni chura, basi, ukimwona utaelewa.

Jumamosi iliyopita ilikuwa ya mwisho kwa Bi Makosa kazini. Watu walijaa kwa ajili ya kumuaga, si kwa ajili ya ubao, na kila mmoja wetu alilijua hilo, Binti Rula zaidi. Bi Makosa alikataa kusimama. Alikwenda kukaa benchi la mbele, mkono wa kulia, kando ya mumewe, akapakata mkoba wake kama mgeni. Binti Rula akashika chaki. Haikuvunjika. Akamchora mbega ameketi juu ya tawi, joho jeupe limemwagika, mkia mrefu umening'inia na shungi lake, mkono umeshika tawi na mdomo unatafuna jani. Kisha akafuta vidole akasema, "Haya."

Halafu, kumbe, mkono wa kwanza kuinuka ulikuwa wa Bi Makosa.

"Mkia. Mrefu mno."

"Mkia uko sawa, Mama."

Ukumbi ukaguna. Watu wakainama mbele. Mama Samaki akataja ndevu. Ndevu zilikuwa sawa. Mwashi akataja tawi. Tawi lilikuwa sawa. Bi Makosa akanyoosha mkono tena, safari hii amesimama nusu.

"Jani! Alipaswa kushika tunda."

"Mbega ni mla majani, Mama. Umenifundisha wewe, tena juzi."

"Hee!" Mama Samaki akapaza sauti. "Bi Makosa, kaa chini, mama. Unatuaibisha darasa!"

Vicheko vilipasuka, wanafunzi wakagonga benchi, na watu wa kituoni wakaanza kuchungulia madirishani kuuliza kuna nini. Binti Rula amesimama pale na tabasamu dogo la mwizi. Nikamtazama Bi Makosa. Alikuwa ameshindwa, tena mbele ya mji mzima, na uso wake sijawahi kuuona uking'aa vile tangu aje na chupa yake ya wino.

Hapo ndipo mumewe akanyoosha kidole, taratibu, kama mwanafunzi anayeomba ruhusa ya kutoka.

"Gumba," akasema.

Watu wakamgeukia. Sauti yake hatukuwa tumeizoea.

"Kidole gumba. Kile pale, kimeshika tawi. Mbega hana gumba." Akamwelekea mkewe. "Uliniambia mwenyewe, mwaka ule tuliooana. Nikamwonea huruma. Nikasema masikini, huyu hawezi kushika hata kibano, saa zote za msituni zitasimama."

Kweli. Mbega ana vidole vinne vilivyonyooka, na mahali pa gumba hapana kitu, kinundu tu. Sote tuliwahi kuambiwa. Sote tulikuwa tumekitazama kidole kile kizuri, kilichoshika tawi vizuri namna ile, tukakipita. Binti Rula akainamisha kichwa kukubali, na makofi yaliyofuata yaliamsha vumbi juu ya korongo.

Bi Makosa alimkodolea mumewe macho. "Mzee wangu, miaka yote hii ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa hapa hapa," akasema. "Ila nilikuwa namwangalia mchoraji. Leo umekaa, ndipo nimeangalia mchoro."

Mama Samaki alichukua ncha ya mtandio wake akapangusa uso, akatangaza kwamba ni vumbi la chaki. Vumbi lile lilikuwa limetufikia hadi sisi wa nyuma.

Tukatoka wote hadi ukutani. Fundi saa akapewa brashi, akatoa kile kioo chake cha kazini akakibana jichoni, akachora unyasi mmoja kwa muda ambao mabasi mawili yalikuja yakaondoka. Ndio unyasi ulionyooka kuliko zote pale. Kando yake akaacha nafasi. Akamgeukia mkewe akampa brashi, na watu wote tukasema chora, chora, ni haki yako. Bi Makosa akairudisha kwenye kopo.

"Sijashinda," akasema.

Binti Rula, vumbi jeupe mpaka viwikoni, akamwambia: "Jumamosi ni kobe, Mama. Uje mapema. Viti vinawahiwa."

Kuhusu rafu za stoo, uongozi umeniambia nisihangaike nazo. Umeniagiza mabenchi mawili, yenye nguvu, kwa maelezo kwamba watu wa hapa hucheka kwa uzito. Ninayaranda sasa hivi, na moja nitalifanya la chini kidogo upande wa mkono wa kulia, kwa ajili ya magoti ya mtu fulani.

Bi Makosa, dada yetu, tunakushukuru kwa ndege, kwa mamba na ulimi wake, kwa kinamasi kilicho nyuma ya soko na kile kilicho ukutani, na kwa kutukosea kwa upendo mkubwa namna hiyo. Nenda nyumbani ukafute sahani, sasa ni zamu yako kusikiliza. Maisha yawe mema kwako na kwa mzee wako. Na ile nafasi kando ya unyasi wake, mlinzi ameamriwa mtu yeyote asiiguse. Ni yako, ukilipata kosa.